Raga ya Nakuru: 12-31, mguu uliovunjika na basi la Mombasa

Kuna walioniuliza mbona Jumapili sikuweka matokeo kama kawaida yangu. Jumapili nilikuwa hospitalini, Jumatatu nikawa kwenye mkutano wa klabu, na Jumanne nilikuwa na hasira, nikaona nikiandika nitatukana mtu. Leo ni Alhamisi, hasira imepungua na nimelipia saiba saa mbili. Itakuwa ndefu. Mwenye haraka asome matokeo haya hapa aende zake, mwenye dakika kumi abaki.

Timu ya kwanza: sisi 12, wageni kutoka Nairobi 31. Timu ya pili haikucheza kwa sababu hakuna upande uliokuwa na watu wa kutosha. Wiki mbili kabla ya hapo tulitakiwa Kisumu, hatukufika, wakapewa wokova. Tuko wa pili kutoka mkiani. Jumamosi hii ni Mombasa, ugenini.

Wanaonijua wanajua naongelea timu gani. Jina siliandiki leo kwa sababu ndani ya habari hii kuna bili ya hospitali, na ndani ya bili kuna mtu mzima mwenye mke na watoto wawili.

Sasa mechi. Ukiangalia 12-31 kwenye karatasi unasema, hawa wamechapwa, mambo yamekwisha. Lakini mlioketi pale kwenye mawe mtakumbuka kwamba wakati wa mapumziko tulikuwa mbele. Ndiyo, mbele! 12-7. Kwa nyinyi wa soka, trai moja ni pointi tano na mkwaju unaofuata ni mbili. Tulifunga trai mbili na mkwaju mmoja, wao trai moja na mkwaju wake. Na trai zetu zote mbili zilitoka kwenye skramu.

Hapo ndipo penye siri ya timu yetu, kama ni siri. Mbio hatuna. Winga mmoja ni kinyozi anayekuja uwanjani akitoka kazini saa nane, mwingine ni mwanafunzi wa chuo cha ufundi ambaye mwisho wa mwezi ukikaribia anakula mara moja kwa siku. Tulicho nacho ni wale wanane wa mbele. Mafundi wa kuchomelea vyuma, wapakiaji wa lori, jamaa mmoja wa boda. Mashine ya kufanyia mazoezi ya skramu hatujawahi kuwa nayo, kwa hiyo miaka mitatu wamekuwa wakisukuma pikapu bovu lililoachwa nyuma ya uwanja. Limeshasogea mpaka kwenye mtaro. Timu za Nairobi zinakuja na vijana wa mazoezi ya jimu, wazuri kwa kuangalia, halafu skramu ya kwanza wanajikuta wanarudi nyuma kama mlango unaofunguliwa.

Kwa hiyo mpango ulikuwa mmoja tu. Mpira ukianguka mbele, skramu. Refa akipuliza penalti, tunaomba skramu. Ukatae mbio, upunguze mchezo, usukume. Kocha wetu si mtu wa maneno, alisema hivyo tu kisha akaenda kuhesabu watu. Tulikuwa kumi na saba.

Hiyo kumi na saba naomba muiweke akilini. Timu ya raga inaanza na watu 15 na inaruhusiwa akiba nane, jumla 23. Lakini kuna sheria ambayo mashabiki wengi hawaijui: mstari wa mbele wa skramu, yaani mapropu wawili na huka, hauingii mtu yeyote tu. Lazima awe amefundishwa, kwa sababu shingo yake ndiyo inayobeba uzito wa watu wengine wote. Ukiwa na watu 15, sheria inataka wanaojua kazi hiyo wawe angalau watatu. Ukiwa na 16 hadi 18, wawe wanne. Ukiwa na 23 kamili, wawe sita. Sisi tulikuwa na wanne, basi. Akiba ya mstari wa mbele mmoja.

Huyo mmoja aliingia wakati wa mapumziko. Propu wetu wa kushoto aligongwa mbavu dakika za mwisho za kipindi cha kwanza, akawa hawezi kuvuta pumzi vizuri, dada yetu wa huduma ya kwanza akasema atoke. Sawa, akatoka. Dakika ya 55 hivi wakasawazisha, 12-12, trai bila mkwaju. Bado tulikuwa tunawasukuma.

Dakika ya 63. Skramu iko karibu na laini yetu ya mita 22, mpira wetu. Iliporomoka. Zinaporomoka mara nyingi, hilo si ajabu, watu huinuka wakafunga tena. Safari hii mmoja hakuinuka. Ni propu wetu wa kulia, yule wa boda. Nilikuwa kwenye laini na daftari langu, kama mita kumi, na nilisikia. Sitaeleza nilisikia nini. Muundi umevunjika, mguu wa kulia, chini kidogo ya goti.

Mwenyeji ndiye anayetakiwa kuhakikisha ambulensi ipo. Mwenyeji alikuwa sisi. Ambulensi haikuwepo. Ya mechi iliyotangulia tulilipa elfu nane, na safari hii kamati iliona elfu nane ni pesa nyingi kwa mechi ambayo kiingilio kimeleta 6,300. Najua hesabu hiyo kwa sababu mimi ndiye niliyekaa langoni nikikusanya mia mia. Kwa hiyo kabla sijamlaumu mtu mwingine, kosa hili ni letu, na mimi nimo. Tulimbeba kwa benchi la mama anayeuza chapati, miguu yake ikafungwa kwa taulo na vipande viwili vya mbao, akapakiwa nyuma ya gari la shabiki mmoja. Wageni walisaidia kubeba. Kepteni wao alivua jaketi lake akamfunika, na hakuliuliza tena.

Dakika 17 zilizobaki zilichezwa. Kwa kuwa mtu wa mstari wa mbele aliyebaki kwenye akiba hayupo, refa aliamuru skramu za kutosukumana, yaani watu wanashikana tu, mpira unaingia, unatoka. Hiyo ndiyo sheria na ni sheria nzuri, inaokoa shingo. Lakini silaha yetu ilikuwa ile moja tu. Wakafunga trai tatu na mikwaju miwili. 31. Mkisoma mahali "walizidiwa nguvu kipindi cha pili", mjue aliyeandika hakuwepo.

Basi hospitali. Daktari alisema mguu unataka upasuaji, uwekwe chuma ndani. Mjeruhiwa amejisajili SHA, ile iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Kujisajili alijisajili, kulipa ndiyo hajalipa. Kama hujui, asiye na mshahara rasmi hapimwi kwa payslip. Anaulizwa maswali, nyumba yako ya nini, unapikia nini, una ng'ombe wangapi, halafu mtambo unamwambia kiasi chake. Kiwango cha chini kabisa ni mia tatu kwa mwezi. Yeye aliambiwa zaidi ya mia saba, na kinatakiwa cha mwaka mzima kwa mpigo, kama 8,600. Mwendesha boda anayelipa pikipiki ya mkopo kila siku aweke 8,600 mezani kwa siku moja, kwa jambo ambalo halijatokea. Aliahirisha. Mimi pia nimeahirisha, tusijifanye.

Tulipiga hesabu pale kwenye korido na kaka yake. Mchango wa mwaka 8,600. Baada ya hapo bima ingechukua sehemu, na sisi tungebaki na kama 35,000 za chuma na vitu vingine ambavyo hatukuelewa vizuri. Jumla 43,600.

Kwenye akaunti ya klabu kulikuwa na 46,000.

Nusu ya wanaosoma hapa wameshaona tatizo, lakini ngoja. Hizo 46,000 hazikuwa pesa za kukaa tu. Ni hamsini hamsini za mazoezi tangu Januari, na zilikuwa na kazi yake: kukodi basi la Mombasa. Kutoka hapa hadi Nairobi ni kilomita kama 160, kutoka Nairobi hadi Mombasa karibu 480. Nenda na urudi unazidi kilomita 1,200 kwa mchezo wa dakika 80. Basi la watu 33 bei ya mwisho aliyotupa mwenye gari ni 70,000. Chakula weka 15,000. Mkitaka kulala mahali usiku mmoja, hata kama ni wanne kwa chumba, weka 20,000. Laki moja na elfu tano.

Na hatuwezi tu kusema hatuendi. Baada ya ile wokova ya Kisumu tulipata barua: ya pili tunashushwa daraja. Kisumu yenyewe tulikwama kwa sababu mheshimiwa mmoja wa hapa alituahidi mafuta mbele ya kamera za simu, akapiga picha na jezi yetu, Ijumaa jioni simu ikawa imezimwa. Picha bado iko kwenye ukurasa wake. Watu 19 walilala wakijua hawachezi, na Jumamosi kwenye matokeo ikaandikwa neno moja, wokova, kama vile tuliogopa.

Jumatatu basi, mkutano. Watu 33, chini ya ule mti wa langoni, mvua ikinyesha nyepesi. Hoja ilikuwa moja, mguu au basi.

Kepteni alisimama upande wa basi na nilidhani watu watamzomea. Hawakumzomea. Alisema: "Tukishushwa, nusu yenu hamtarudi msimu ujao. Mnajua na mimi najua. Timu ikifa, huyu ndugu yetu atachangiwa na nani mwezi wa tatu, wakati nyinyi wote mmeshachoka kumtembelea?" Sikupenda aliposema hivyo, na sikuwa na jibu. Mguu hauponi kwa bili ya kwanza. Kuna miezi ya kutofanya kazi, kuna mwenye pikipiki anayetaka pesa yake ya kila siku. Klabu ndiyo kundi pekee lenye sababu ya kumkumbuka.

Kisha akasimama mwenyekiti wetu, mzee aliyecheza enzi zake. Yeye alivunjika mwaka 1998. Alichangiwa vizuri wiki ya kwanza, akasema, na timu ikasafiri wiki ya pili, ikashinda, wakaimba. Hakuendelea. Akakaa chini.

Kura: mguu 18, basi 13, wawili hawakuinua mkono. Mimi nilipigia mguu. Kaka wa mjeruhiwa alikuwepo na hakupiga kura, ingawa ni mwanachama. Jumanne asubuhi pesa ilitumwa, Jumatano mguu ukafanyiwa upasuaji. Anaendelea vizuri, analalamikia uji.

Kuna msomaji mmoja, huwa ananiandikia sana, yeye husema: "Si mcheze tu kwa kujifurahisha, mbona mnajitesa na ligi za kusafiri?" Swali lake si baya. Jibu langu ni kwamba kijana anayetaka kuonekana hawezi kuonekana akicheza dhidi ya pikapu. Ngazi ni moja. Ukitaka kupanda kwenda Kenya Cup lazima upite kwenye daraja la chini, na daraja la chini lina basi.

Sasa mtazame juu ya ngazi. Kenya Cup imekuwepo tangu 1970. Kulikuwa na wakati ambapo timu ya wanafunzi iliweza kulibeba kombe hilo, Mean Machine ya Chuo Kikuu cha Nairobi, mwaka 1977. Mwaka huohuo ndipo Mwamba ilianzishwa, klabu ya Waafrika wenyewe, kwa kuwa klabu za zamani kama Nondescripts na Harlequin zilitoka enzi za mkoloni. Mwamba haikuwa na benki wala kiwanda. Ndiyo iliyomkuza Humphrey Kayange na mdogo wake Collins Injera. Hata Nakuru yetu hii, mwaka 2013 na 2014, kombe lilikuja hapa mara mbili mfululizo. Nilikuwa mdogo, nakumbuka honi za magari. Lakini angalieni hata hapo, kifuani palikuwa na jina la mafuta ya kupikia.

Baada ya hapo, kuanzia 2015 hadi 2023, kombe halikutoka kwa timu mbili: KCB na Kabras. Benki na sukari. Mwaka 2020 tu ndipo halikuwa na mwenyewe, kwa ajili ya korona. Siwaonei wivu wala sisemi walinunua kombe, wana wachezaji hodari na wamefanya kazi. Ninachosema ni kwamba mchezaji wa Kabras akilala Ijumaa Kakamega hajiulizi kama basi litakuja. Hapo tayari yuko mbele kwa pointi, na refa hajapuliza. Ukichukua msimamo wa ligi yoyote ya raga nchini, ukaziba majina ya timu, ukaweka tu nani ana uhakika wa usafiri na nani hana, utakaribia sana kuupata msimamo wenyewe.

Na hao wakubwa nao wako salama mpaka mdhamini akunje mkeka. Mwaka 2018 SportPesa iliondoa udhamini wake kwa michezo ya hapa nchini, raga ikiwemo, baada ya ushuru wa kampuni za kubeti kufanywa asilimia 35. Juni mwaka huohuo, Paris, wachezaji wa timu ya taifa ya saba kila upande waliziba maandishi ya mdhamini kifuani kwa sababu ya marupurupu waliyodai hawajalipwa. Timu ya taifa hiyo, Shujaa, ambayo miaka miwili kabla ilikuwa imewafunga Fiji 30-7 kwenye fainali ya Singapore! Aliyewafundisha kushinda Singapore ni Benjamin Ayimba. Mei 2021 alifariki baada ya kuugua malaria, na kabla ya hapo familia na wachezaji wenzake walikuwa wanaomba umma uchange bili ya hospitali. Tulituma chochote tulichokuwa nacho, wengi wetu. Nakumbuka nikijiuliza, kama ni Ayimba anachangiwa, propu wa daraja la chini atafanyiwa nini? Sasa najua. Anachangiwa vilevile, na watu wachache zaidi.

Duniani raga iliruhusiwa kuwa kazi ya malipo Agosti 1995. Kabla ya hapo hata Uingereza na New Zealand ilikuwa ya ridhaa kwenye karatasi. Sisi tumebaki katikati. Ratiba zetu ni za watu wanaolipwa, mifuko yetu ni ya ridhaa. Mwalimu, fundi, mtu wa boda, wote wanapangiwa safari ya kilomita 1,200 kana kwamba Jumatatu hawana mahali pa kwenda.

Mimi sina digrii, nina cheti cha fomu foo na daftari la hesabu za langoni. Lakini nimekaa na hesabu hii siku tatu na inanikera, hebu nanyi iangalieni. Mchango wa SHA wa kiwango cha chini ni 3,600 kwa mwaka. Zidisha kwa wachezaji 30. Ni 108,000. Safari moja ya Mombasa, yenye kulala usiku mmoja, ni 105,000. Yaani safari moja ni karibu sawa na bima ya mwaka mzima ya kikosi kizima, na kadi hiyo inamhudumia mke na watoto pia. Najua, najua, si wote watapimiwa mia tatu. Wote wakipimiwa kama yule wa boda, inakuwa 258,000, ambayo hatuwezi hata tukiota. Basi klabu ilipe nusu, mchezaji nusu, kidogo kidogo kuanzia siku msimu unapoisha na si siku unapoanza. Hata hivyo bado ni rahisi kuliko kuchanga korido usiku.

Na ratiba. Mbona timu za chini zisicheze kwa maeneo mpaka mwisho? Sisi na Eldoret na Kericho na Naivasha huku, Pwani wacheze Pwani, Nyanza na Magharibi kwao, Nairobi kwao, halafu mabingwa wa maeneo ndio wasafiri kukutana. Watakuambia ushindani utapungua, timu za Nairobi zitacheza zenyewe kwa zenyewe zipae. Kuna ukweli hapo, sikatai. Skramu yetu ilipata kiburi kwa kuwasukuma wa Nairobi, si kwa kusukuma majirani. Lakini wokova nazo zina ushindani gani? Wale wa Kisumu walivaa jezi, wakapiga picha, wakarudi nyumbani na pointi ambazo hawakuzitolea jasho, na wao wenyewe waliniambia hawakufurahi.

Ambulensi sijadiliani nayo. Kama mwenyeji hana, mechi isianze, hata kama mwenyeji ni sisi. Afadhali tukatwe pointi. Nimeliandika hilo kwenye barua kwa kamati yetu na nimetia sahihi, na ninajua maana yake ni kwamba mechi mbili kati ya tatu za nyumbani zilizobaki hatuna uwezo wa kuziandaa bila kiingilio kupanda hadi mia mbili. Nyinyi mnaoruka ua nyuma ya vyoo, nawajua kwa majina.

Sasa mtauliza, kama akaunti imebaki na 2,400, Mombasa vipi?

Jumanne usiku, kwenye kundi letu la WhatsApp, kinyozi aliandika tu: "Mimi najilipia." Hakuna aliyemwomba. Akatuma 3,200, gharama ya kiti kimoja pamoja na chakula cha mchana. Huka akafuata. Kepteni akalipa mbili, yake na ya yule mwanafunzi wa chuo. Mjeruhiwa mwenyewe alituma mia mbili kutoka kitandani, tukamrudishia, akaituma tena. Mpaka leo mchana wachezaji 17 wamelipa, pamoja na kocha, dada wa huduma ya kwanza na mashabiki saba. Kulala hakuna. Tunaondoka usiku, tunafika asubuhi, tunacheza saa tisa, tunapanda basi tena. Wengine watashuka hapa Jumapili na kuingia kazini moja kwa moja.

Lakini kuna jambo bado. Mbavu za propu wa kushoto hazijapona. Kocha amemkataza, na yeye amekasirika, hata salamu haitikii. Kwa hiyo wa mstari wa mbele wako watatu: huka, yule wa akiba aliyeingia Jumamosi, na kijana wa timu ya pili aliyefundishwa nafasi hiyo tangu shule. Watatu, na sheria inasema watu 17 wanataka wanne. Jana alijitokeza jamaa mmoja anayebeba magunia sokoni, shingo kama mti, akasema yuko tayari. Hajawahi kuingia skramu hata siku moja. Kocha alimshukuru, akamwambia aje mazoezini Jumanne ijayo, na akakataa kumwandika. Wengine walinung'unika. Mimi nasema kocha amefanya sawa kabisa, maana tumetoka kuona mguu na sitaki kuandika habari ya shingo.

Maana yake, asipopatikana wa nne kufikia kesho, kwenye karatasi ya refa tutaandika 15 bila mtu wa akiba hata mmoja, na wawili waliolipa 3,200 zao watakaa na mashabiki. Wameshaambiwa. Mmoja ni yule mwanafunzi wa chuo, na amesema anakuja hivyohivyo, hajawahi kuona bahari.

Kwa hiyo, kama uko Nakuru, ulicheza propu au huka shuleni, umefundishwa kweli na si kwa kuangalia YouTube, na magoti yako yanaitika, njoo kesho Ijumaa saa kumi na moja jioni uwanjani kocha akuone. Njumu zipo namba tisa na namba kumi. Nauli yako tutajua la kufanya. Basi linaondoka saa mbili usiku pale stendi ya mafuta karibu na uwanja, na viti vya mashabiki vimebaki saba.